Sura ya Nne: Tukutane Nyumbani kwa Nani?

Anayetaka kuanzisha kikundi cha maombi pale Siakago huanza kwa kuwaza jina, kisha siku ya kukutana, kisha mhubiri wa kuwafundisha. Mimi namsihi aanze na nyumba. Alhamisi ya kwanza tutakuwa kwa nani, na Alhamisi itakayofuata kwa nani? Jibu lake ndilo litakaloamua kama kikundi kitakuwa cha majirani au cha mtu mmoja mwenye kipawa cha kuomba. Kikundi cha majirani kinaweza kuzeeka pamoja na kijiji. Kikundi cha mtu mmoja huondoka naye siku anapohamishwa kazi, anapokosana na wenzake au anapozikwa.

Siakago haina uhaba wa makanisa. Mji huu ndio makao makuu ya Mbeere Kaskazini, upande wa chini wa kaunti ya Embu, ambako mvua ni haba na mlima Kiang'ombe huonekana kutoka mbali. Kuna mahakama, hospitali na ofisi za serikali, na hapa ndipo yalipo makao ya Dayosisi ya Mbeere ya Kanisa Anglikana, iliyomegwa kutoka Dayosisi ya Embu mwaka 1997. Wakatoliki wako chini ya Jimbo la Embu, lililoundwa mwaka 1986 kutoka Jimbo la Meru, na askofu wake wa kwanza, John Njue, alifanywa kardinali mwaka 2007. Makanisa ya Kipentekoste nayo ni mengi. Jumapili asubuhi vipaza sauti hushindana. Shida iko Jumatatu hadi Jumamosi. Maboma ya Mbeere yametawanyika, njia ni ndefu na jua ni kali, na watu waliokaa benchi moja kanisani kwa miaka wanaweza kuishi bila kujua kwamba mtoto wa mmoja wao amelazwa, au kwamba mwingine ameuza mbuzi wa mwisho ili alipe karo.

Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati walilitambua pengo hili mapema na wakaliwekea mpango. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliazimia kujenga jumuiya hai za waamini ndani ya parokia zao kubwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipomalizika mwaka 1965 wazo hilo lilipata nguvu zaidi, na mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa eneo letu, walikutana Nairobi na kukubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka 1976 walirudi Nairobi kulizungumzia jambo hilo kwa kina. Lilikuwa jambo la imani, na lilikuwa pia jambo la hesabu: padri mmoja mwenye vigango vingi hawezi kumjua kila muumini kwa jina. Jirani anaweza.

Angalia walivyoweka mipaka. Jumuiya hupewa jina la mtakatifu msimamizi, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na huzunguka nyumba kwa nyumba. Lakini wanajumuiya hawachaguani. Ukiishi kati ya njia hii na kijito kile, wewe ni wa jumuiya hii, na yule mama ambaye mbuzi wake walimaliza ndengu zako msimu uliopita ni wa jumuiya hii pia. Naiona hapa hekima kubwa. Tukiachiwa tuchague, tutawachukua wanaotupendeza: wenye elimu kama yetu, wa ukoo wetu, wanaoimba kama tuimbavyo sisi. Halafu tutashangaa kwamba tunaomba kila wiki na kijiji kiko vilevile.

Kwa Wambeere jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya ardhi. Serikali ilipokuja kupima na kugawa mashamba katika miaka ya 1970, koo zilishtakiana kwa muda mrefu, zikichanga pesa za kesi na kutafuta wazee wa kutoa ushahidi kuhusu nani alitangulia kulima wapi. Mwanaanthropolojia Mmarekani Jack Glazier aliyachunguza mambo hayo na akayaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1985. Wajukuu wa walioshtakiana leo wanapakana. Wakiinamisha vichwa katika sebule moja, na kila mmoja akamsikia mwenzake akimtaja mbele za Mungu mwanawe aliyepotelea kwenye pombe, ugomvi waliourithi hauishi siku hiyo. Ila siku watakapokutana kwenye mpaka wa shamba, kila mmoja atakuwa anamjua mwenzake kwa jambo jingine zaidi ya kesi, na hilo ni jambo kubwa.

Upande wa Waanglikana, mizizi ya kuomba pamoja majumbani imo katika uamsho wa Afrika Mashariki. Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church, wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na moyo baada ya njaa iliyoua watu wengi Rwanda. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi ya afya serikalini. Wote wawili walikuwa na kiu moja. Walikaa pamoja siku mbili wakifuatilia katika Biblia yale yanayosemwa kuhusu Roho Mtakatifu, kisha wakaomba. Hapakuwa na jukwaa, kamati wala mchango. Mzungu na Mwafrika, katika miaka ya ukoloni, walipiga magoti kama ndugu, na hakuna aliyekuwa mwalimu wa mwenzake. Kutoka kwa wawili hao na kwa watumishi wa Gahini, akiwemo Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefariki Januari 1936, moto ulienea Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, ukaingia Tanganyika. Msomaji anayesema "sisi ni wachache mno kuanza" aikumbuke Namirembe.

Kikundi cha ushirika kilichozaliwa na uamsho huo kilikuwa na desturi moja iliyokipa nguvu: watu walisema ukweli juu ya maisha yao. Aliyemwibia mwajiri wake alisema, na akarudisha. Aliyemchukia ndugu yake alimwendea. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wa waliookoka katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi kati yao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa. Naamini hawakusimama hivyo kwa nguvu ya mahubiri ya Jumapili peke yake. Walikuwa na ndugu waliowajua kwa majina, waliojua makosa yao na walioijua njia ya kufika nyumbani kwao usiku.

Lakini uamsho ulikuwa na jeraha lake, nalo tusilifiche. Mahali pengi waliookoka walianza kuwapima wengine, kisha wakaanza kupimana wenyewe kwa wenyewe. Nyanza, mwaka 1957, baada ya mivutano ya muda mrefu kati ya makundi ya uamsho, Matthew Ajuoga na wenzake walitoka katika Kanisa Anglikana wakaunda kanisa lao, Church of Christ in Africa. Sina nia ya kuamua nani alikuwa na haki. Ninachomwambia anayeanza leo ni hiki: asiweke mlangoni swali la tarehe ya kuokoka. Mgeni akija, apewe kiti, apewe chai, asikilizwe. Ushuhuda wake utakuja kwa wakati wake.

Historia ya Kanisa Anglikana la huku yenyewe ni ya watu wa kawaida kuchukuliana mizigo. David Gitari alipowekwa kuwa askofu wa Mount Kenya East mwaka 1975, dayosisi yake ilikuwa na Kirinyaga, Embu yote pamoja na Mbeere, na Meru, ikapanda kaskazini hadi mpaka wa Ethiopia. Makasisi peke yao wasingeweza kuhudumia nchi ya ukubwa huo. Gitari, mwenyewe mtoto wa mwinjilisti, aliwategemea wainjilisti na waumini wa vijijini, na kazi ilikua hadi mwaka 1990 dayosisi ikagawanywa kuwa Embu na Kirinyaga. Kwa hiyo mama wa Siakago anayewaita majirani wake waombe sebuleni kwake haanzishi jambo geni. Anashika kazi iliyoshikwa na waliomtangulia.

Sasa kikao chenyewe. Kwa kikundi kipya, kiwe cha Wakatoliki, cha Waanglikana au cha mchanganyiko, napendekeza utaratibu wa hatua saba uliotoka katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, chini ya wamisionari Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ambao jumuiya nyingi za Afrika Mashariki huufuata. Kwanza mtu mmoja anamkaribisha Bwana kwa maneno yake mwenyewe. Pili, somo linasomwa polepole. Tatu, kila anayetaka anachagua neno au kifungu kifupi kilichomshika, analitamka kwa sauti mara mbili tatu, na kati ya mtu na mtu kunakuwa na kimya. Nne, wote wananyamaza dakika kadhaa. Tano, kila mmoja anaeleza lililomgusa, bila kuhubiri na bila kumjibu aliyetangulia. Sita, wanaulizana ni kazi gani Mungu anawataka waifanye wiki hii, nani ataifanya na lini. Saba, wanaomba kwa uhuru, kisha wanafunga kwa sala au wimbo ambao hata mtoto anaujua.

Hatua ya tatu inaonekana ndogo, lakini mimi naiona kuwa moyo wa kikao. Pasipo hatua hii, katika karibu kila kikundi huongea watu watatu: aliyepitia chuo cha Biblia, mwalimu mstaafu, na mwenye sauti kubwa. Nyanya asiyejua kusoma hubaki mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Lakini akiombwa neno moja tu, analo. Amelisikia likisomwa, limemshika, analitamka, na neno lake halizidiwi uzito na la mwalimu. Somo likisomwa kwa Kiswahili au katika Biblia ya Kikuyu, aachwe alirudie kwa Kimbeere. Wengine watalisikia upya, kana kwamba halijawahi kusomwa. Kiongozi asikimbilie kulifafanua. Kimya kikiwa kirefu na watu wakaanza kukohoa, akivumilie. Watu wamezoea kwamba maombi ni kelele, na wanahitaji majuma kadhaa ya kuzoea kimya.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu giza linaingia na kila mtu anataka kwenda. Isirukwe. Kazi iwe ndogo na iwe na mwenyewe: Jumamosi wawili watamtekea maji mjane aliyevunjika mguu, mmoja atamsindikiza mama kliniki, watatu watakwenda kwenye boma ambalo ndugu wawili hawaongei. Wiki ifuatayo kikao kianze kwa kuuliza kama ilifanyika. Tume ya Haki na Amani ya Wakatoliki wa Kenya huipitisha Kampeni yake ya Kwaresima katika njia kama hiyo kila mwaka, ya kuona, kuamua na kutenda, na vijitabu vyake huzungumzia ufisadi, ardhi na vijana katika jumuiya vijijini. Maombi yaliyofika hapo yamefika mahali pazuri.

Saa ya kukutana iamuliwe na shamba. Huku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, huchumwa na kukimbizwa sokoni kabla majani hayajanyauka, na mwezi wa Machi na wa Oktoba mvua ikinukia tu, kila mkono uko shambani kwa ndengu, kunde na mtama. Kikundi kilichopangiwa saa na mtu wa mshahara hufa msimu wa kwanza wa kupanda. Wiki hizo kikutane nusu saa tu, mkiwa na matope miguuni, lakini kikutane. Kuhusu kesha, nasema waziwazi: lisiwe la kila wiki. Akina mama ndio wanaorudi gizani, na ndio watakaoamka kabla ya alfajiri kuwasha jiko.

Na kwa kuwa nimeitaja muguka, tuizungumze. Mei 2024 serikali za kaunti za pwani, Mombasa ikitangulia, zilipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Mbeere ilitikisika, kwa sababu karo, dawa na mabati ya nyumba nyingi hutoka kwenye kichaka hicho. Katika kikundi hichohicho kutakuwa na anayeona kuilima ni dhambi, na aliyesomesha watoto wanne kwayo. Kikundi kinachojifanya hakilioni jambo hili kitakuwa kinaomba pembeni ya maisha ya watu wake. Mimi nisingeifanya kuwa sharti la kuingia. Ningeliacha lije lenyewe katika hatua ya tano, mama akieleza hofu yake juu ya kijana wake anayeshinda kutwa anatafuna chini ya mti na hataki tena kazi, na mkulima akimsikiliza.

Neno kuhusu wanaume. Vikundi vingi vya maombi ni vya akina mama, na wanaume husema "mtuombee" kutoka barabarani. Kuzunguka majumbani husaidia hapa kuliko semina yoyote: siku ya kwake, mwenye boma yupo, viti ni vyake, na ni aibu kuondoka. Apewe kusoma somo. Asipojua kusoma, apewe kufunga kwa sala. Akija mara mbili kwa wenzake, huyo ni wenu.

Pesa huvunja vikundi vingi vya maombi kuliko mafundisho potofu. Huanza vizuri: mchango wa mgonjwa, kisha wa mazishi, kisha mtu anapendekeza mchango wa kila wiki wa mzunguko, kisha mikopo. Baada ya mwaka maombi ni ya dakika tano za kufungulia chama, na asiye na mchango anaona haya kuja. Chama ni kitu chema, na Mbeere imejengwa na vyama. Lakini kiwe na siku yake, daftari lake na mweka hazina wake, na kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii. Katika kikao cha maombi ubaki mchango wa dharura tu: leo, kwa mtu huyu, umetolewa na umekabidhiwa mbele ya wote. Mtu aliyefilisika, ambaye ndiye mwenye haja kubwa ya kuombewa, asipate sababu ya kubaki nyumbani.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ya watoto, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa na akakana mashtaka. Rais aliunda jopo la kuchunguza sheria zinazosimamia mashirika ya kidini, akamteua mwenyekiti mchungaji Mutava Musyimi, ambaye watu wa Mbeere wanamjua vizuri kwa kuwa alikuwa mbunge wa Gachoka, kisha wa Mbeere Kusini. Jopo lilitoa ripoti yake Julai 2024.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Uhuru huo ni mzuri na tusikubali upunguzwe kwa sababu ya Shakahola. Lakini tujilinde wenyewe. Kikundi kinachokutana katika nyumba ileile kila wiki, kikimsikiliza mtu yuleyule, na mtu huyo hasikilizi mwingine yeyote, kiko hatarini hata kama maombi yake ni moto. Kinachozunguka nyumba kwa nyumba huonekana na majirani. Kinachobadilisha msomaji na kiongozi wa sala hakina mtu wa kusema "Mungu ameniambia mimi niwaambie ninyi" bila kuulizwa.

Kuna mambo matatu ambayo kila kikundi kipya kiyakubali kwa sauti siku ya kwanza. Hakuna atakayeambiwa aache dawa, iwe ya presha, ya sukari, ya kifafa au ya virusi. Tutamwombea na tutamsindikiza hospitali ya Siakago. Hakuna mtoto atakayefungishwa chakula. Na hakuna siri: mlango uko wazi, na mume, mke au mzazi wa yeyote kati yetu anaweza kuingia, kukaa na kusikia kila tunalosema. Anayeona masharti haya ni mazito asipewe uongozi, hata kama akiomba mvua inanyesha.

Na kama padri wako, kasisi wako au wazee wa kanisa lenu hawajui mnakutana wapi na saa ngapi, wapelekeeni habari kabla ya kikao kijacho, mkawaalike waje bila kutangaza.